UCHAMBUZI: Chupa ya soda yenye mafuta taa si kosa la mama peke yake

KATIKA mji wa Gilgil, kama ilivyo katika miji mingi iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, bidhaa nyingi za matumizi ya nyumbani haziuzwi kwa mkebe wala kwa pakiti. Huuzwa kwa kipimo. Mafuta taa ya shilingi hamsini, sabuni ya maji ya shilingi thelathini, kifuniko kimoja cha dawa ya kupe, kijiko cha sumu ya panya kilichofungwa katika kipande cha gazeti. Mnunuzi huja na chombo chake, na aghalabu chombo hicho ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa iliyomalizwa juzi, ikasuuzwa na kuwekwa kando kwa siku ya haja.

Desturi hii haikuzuka kwa uzembe. Imezaliwa na kipato kinachopatikana kwa siku na kwisha kwa siku. Kibarua wa shambani, mchoma nyama wa Kikopey, mwendeshaji bodaboda, familia iliyotua sehemu hizi baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007: hawa hawanunui lita tano za kitu chochote. Hununua cha kuwafikisha kesho.

Tatizo ni kwamba bidhaa inapohamishwa kutoka kwa chombo chake hadi chupa ya soda, hupoteza jina lake. Kiwandani ilikuwa na lebo, alama ya hatari na maelezo ya huduma ya kwanza. Kwenye kibanda huvuliwa yote hayo. Inapofika nyumbani na kuwekwa karibu na meko, mtu anayeijua chupa hiyo vyema zaidi ni mtoto wa miaka miwili, naye anaijua kwa jambo moja tu. Ni chupa ya kitu kitamu ambacho hapewi kila siku.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, likishirikiana na lile la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, lilichapisha ripoti kuhusu majeraha ya watoto ulimwenguni. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, watoto na vijana zaidi ya 45,000 walio chini ya umri wa miaka 20 walifariki mwaka 2004 kutokana na sumu iliyowaingia mwilini kwa ajali. Katika mataifa yenye kipato cha chini, mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu zilitajwa miongoni mwa visababishi vikuu. Idadi hiyo ni ya kutisha, lakini haikuleta kelele yoyote. Watoto hawa hawafi pamoja mahali pamoja. Hufa mmoja mmoja, nyumba moja hapa na nyingine kule, na kila mkasa huhesabiwa kuwa aibu ya familia husika.

Na aibu hiyo huwa na mwenyewe. Mtoto anapokimbizwa hospitalini, swali la kwanza kutoka kwa jirani, kwa mama mkwe na hata kwa baadhi ya wauguzi huwa lile lile: "Mama, ulikuwa wapi?" Baba haulizwi. Mwenye duka haulizwi. Afisa aliyetoa leseni ya duka haulizwi, na huenda hata hajui kwamba kuna mtoto aliyelazwa.

Mawaidha yanayotolewa kwa wazazi ni ya kweli, lakini yameandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Weka kemikali juu, penye kufuli. Usihifadhi sumu pamoja na chakula. Haya ni rahisi kwa mwenye jikoni na makabati. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo kitanda, meko, ndoo za maji na viatu vya shule vimetenganishwa kwa pazia, hakuna juu wala chini. Chupa ikiwekwa chini ya kitanda mtoto huifikia akitambaa. Ikiwekwa dirishani huifikia akipanda ndoo. Mama anaweza kuwa makini siku 364 za mwaka, na ile moja iliyobaki ikatosha kumponza.

Tuanze na mafuta taa, maana ndiyo yenye historia ndefu na ndiyo yanayoonyesha vyema jinsi serikali inavyoweza kushughulikia bidhaa kwa miaka mingi bila kumtazama mtoto hata mara moja.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 7.8 ya familia nchini zilitegemea mafuta taa kupikia, ilhali asilimia 55.1 zilitumia kuni na 23.9 gesi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mnamo Septemba 2018, serikali ilikuwa imeanza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Lengo halikuwa kuwakinga watoto. Lilikuwa kuwakomesha wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi. Bei ikapaa. Katika bei zilizotangazwa Septemba 2023, lita moja ya mafuta taa jijini Nairobi ilifikia Sh202.61, ikaipiku hata dizeli iliyouzwa kwa Sh200.99.

Mtu angedhani kwamba bidhaa ikiwa ghali, hatari yake hupungua. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa waliomudu walihamia gesi na taa za sola. Lakini yule aliyebaki na stovu na koroboi ndiye maskini zaidi, ndiye mwenye chumba kidogo zaidi, na sasa hununua kipimo kidogo zaidi. Zamani alibeba kidumu cha lita tano chenye mfuniko wake. Leo hubeba chupa ya mililita 300. Kodi ilipunguza idadi ya nyumba zenye mafuta taa, na papo hapo ikayasogeza karibu zaidi na mdomo wa mtoto katika nyumba zilizosalia. Sidhani kuna aliyekusudia hivyo katika Hazina ya Kitaifa. Sidhani pia kuna aliyeuliza.

Ni vyema kueleza mafuta haya hufanya nini mwilini, kwa kuwa hapo ndipo huduma ya kwanza ya nyumbani hugeuka kuwa maangamizi. Mafuta taa ni mepesi sana na husambaa upesi. Tumboni hayana madhara makubwa kama watu wanavyodhani. Madhara makuu hutokea yanapoteleza na kuingia katika njia ya hewa, pale mtoto anapopaliwa au anapotapika. Kiasi kidogo tu kikifika mapafuni huunguza tishu laini na kuleta nimonia ya kikemikali. Mtoto hukohoa, hupumua haraka, hupata homa, akawa mlegevu na mwenye usingizi usio wa kawaida. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na ndiyo maana madaktari hutaka mtoto aangaliwe kwa muda usiopungua saa sita hata kama anaonekana mzima.

Sasa fikiria kinachofanyika mitaani. Mtoto akibainika kunywa mafuta taa, mmoja huleta maziwa, mwingine mafuta ya kupikia, wa tatu yai bichi, na wa nne hutia kidole kooni ili "sumu itoke". Wote wana nia njema. Na wote humkaribisha mtoto atapike, kisha mafuta yaliyokuwa tumboni yapite kooni mara ya pili na kupata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Asitapishwe. Asipewe maziwa wala mafuta. Avuliwe nguo zilizoloa, aoshwe ngozi kwa maji na sabuni, apelekwe hospitalini mara moja pamoja na kile chombo. Maelezo haya yanatosha katika kipande cha karatasi kinachobandikwa kwenye pampu ya mafuta taa ya kila duka. Ni nani amekiona?

Licha ya hayo, ingekuwa makosa kudhani kwamba tatizo litaondoka siku koroboi ya mwisho itakapozimwa. Chupa ya soda imepata wapangaji wapya.

Mpangaji wa kwanza ni sabuni ya maji. Tangu kisa cha kwanza cha Covid-19 kutangazwa nchini mnamo Machi 13, 2020 na kila mtu kuagizwa kunawa mikono, vyama vya akina mama na vijana wengi wamejifunza kutengeneza sabuni nyumbani. Ni biashara ya heshima, yenye mtaji mdogo, na imewalipia watoto wengi karo. Malighafi hununuliwa madukani kwa kilo na kwa lita: ufacid, ungarol, chumvi, kostiki soda, rangi na manukato. Hukorogwa kwenye ndoo kubwa, kisha sabuni hujazwa katika chupa zilizokusanywa na kupelekwa sokoni. Huwa ya kijani kibichi, ya waridi au ya manjano, na hunukia ndimu au stroberi. Yaani ina rangi ya sharubati, ina harufu ya sharubati, na imo ndani ya chupa ya sharubati.

Sabuni yenyewe ikiwa tayari mara nyingi husababisha kutapika na kuwashwa koo. Balaa liko katika malighafi zilizohifadhiwa kwenye chumba hicho hicho anamolala mtoto. Ufacid ni asidi. Kostiki soda ni hatari kupita kiasi, kwani punje zake chache, au maji yaliyoyeyushiwa punje hizo, huunguza mdomo na umio kwa muda mfupi. Mtoto anayeponea huenda akabaki na kovu linaloubana umio kiasi kwamba hawezi kumeza ugali, na atahitaji kupanuliwa mrija huo mara kwa mara kwa miaka. Hizi si gharama za kulipwa na mchango wa chama. Fauka ya hayo, wataalamu wa kazi hiyo hawapatikani katika kila hospitali ya kaunti.

Mkasa wa kostiki soda si wa Kenya peke yake, wala si mpya. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wamarekani nao walitengeneza sabuni na kusafisha nyumba kwa kemikali hiyo, na ilikuwa ikiuzwa katika mikebe isiyo na onyo lolote. Chevalier Jackson, daktari wa koo mjini Philadelphia, alikuwa akiwatibu watoto walioungua umio. Angeweza kuendelea kuwatibu mmoja mmoja na kuwaonya mama zao. Badala yake alishika njia ya kwenda kwa wabunge, akawahangaisha kwa miaka mingi, hadi sheria ikapitishwa mwaka 1927 iliyolazimu kemikali za kuunguza kuandikwa wazi kuwa ni sumu. Mnamo 1967 daktari wa watoto Henri Breault wa Windsor, Ontario, nchini Canada, alisukuma hatua nyingine mbele kwa kuleta kile kifuniko ambacho sharti ukibonyeze kabla ya kukizungusha. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha vifungashio vya aina hiyo kwa dawa na kemikali kadhaa za nyumbani.

Wawili hawa walikuwa madaktari, na wote wawili waliamua kwamba dawa ya ugonjwa waliouona haikuwa wodini wala katika kumkaripia mzazi. Ilikuwa kwenye mkebe.

Huenda msomaji akasema huko ni ughaibuni kwenye pesa. Basi tutazame Afrika Kusini. Katika miaka ya tisini watafiti waligawa vyombo vya mafuta taa vyenye vifuniko vigumu kwa watoto kufungua katika eneo moja la mashambani, wakalinganisha na eneo jirani lisilopewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 waliripoti kuwa visa vya watoto kunywa mafuta taa vilipungua kwa karibu nusu mahali vyombo vilipogawiwa. Nyumba hazikuongezwa vyumba. Akina mama hawakupata muda zaidi wa kukaa na watoto. Kilichobadilika ni chombo.

Nchi hiyo hiyo inatufunza pia upande wa pili wa jambo hili. Mnamo Oktoba 2024 watoto sita wa Naledi, mtaani Soweto, walifariki baada ya kula vitafunio vya dukani, na uchunguzi wa serikali ukagundua terbufos, dawa kali ya mashambani ambayo haikukusudiwa kamwe kutumika majumbani. Ilikuwa imepata njia ya kufika mitaani, ambako watu huinunua kwa vipimo vidogo kuulia panya. Hasira za wananchi zilielekezwa kwanza kwa wenye maduka, hasa wageni. Ilichukua muda kwa mjadala kufika mahali pake, yaani jinsi sumu ya shambani ilivyotoka shambani.

Gilgil inapaswa kuliuliza swali hilo, kwa kuwa ni eneo la mifugo na mashamba. Mwenye ng'ombe wawili hahitaji lita nzima ya dawa ya kupe, na pengine hana pesa za kuinunua. Agroveti humpimia kidogo kwenye chupa aliyokuja nayo. Mwenye magunia manne ya mahindi hupimiwa dawa ya kuhifadhi nafaka. Fauka ya hilo kuna mitungi mitupu ya kemikali, ambayo wengine huitumia kubebea maji na hata maziwa. Nyingi za dawa hizi ni za jamii inayoshambulia mishipa ya fahamu. Mtoto hutokwa na mate na jasho, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi humwishia. Dawa ya kumwokoa, atropini, ipo na si ghali, lakini mhudumu wa afya lazima ajue anakabiliana na nini.

Sheria tunazo. Kanuni za mwaka 1984 chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu zinahusu lebo na vifungashio vya dawa hizi, na nyingine za mwaka huo huo zinahusu leseni za majengo zinamouzwa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa sokoni makumi ya dawa za kuua wadudu na kuwekea nyingine vikwazo, hatua iliyostahili pongezi. Lakini kanuni hizi zina macho mazuri bandarini na kiwandani, kisha macho hayo hufifia kadiri bidhaa inavyokaribia kibanda. Katiba nayo, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Katiba haisemi haki hiyo huanzia lita moja kwenda juu. Mnunuzi wa shilingi hamsini ni mnunuzi.

Hapo ndipo wajibu wa serikali ya Kaunti ya Nakuru unapojitokeza. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, afya ya umma, masoko na leseni za biashara ni majukumu ya kaunti, na ndivyo ilivyo tangu ugatuzi uanze 2013. Kaunti haiwezi kupandisha wala kushusha kodi ya mafuta taa. Inaweza, hata hivyo, kuweka sharti kwamba anayeuza mafuta taa, kostiki soda au sabuni kwa kipimo asijaze chupa ya kinywaji. Awe na vyombo vya aina moja, vyenye rangi inayotambulika, kifuniko cha kubonyeza na maandishi ya Kiswahili. Mnunuzi alipe amana mara moja, kisha abadilishe chombo kitupu kwa kilichojaa, jinsi afanyavyo na mtungi wa gesi au kreti ya soda. Wakenya wanaujua mpango wa amana ya chupa tangu enzi za babu zao. Hauhitaji semina.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kuwa hili litampandishia gharama mama anayetengeneza sabuni, na kuwapa askari wa kaunti kisingizio kingine cha kumwaga bidhaa zake na kuitisha hongo. Hofu ya pili nadhani ni nzito kuliko ya kwanza. Sharti lolote litakaloanza kwa msako litaishia kuficha biashara hii vyumbani, mahali pabaya kabisa kwa mtoto. Heri lianze na mikopo. Vikundi hivi hivi huchukua fedha za Uwezo, za Hazina ya Wanawake na, tangu Novemba 2022, za Hustler. Mkopo wa kutengeneza sabuni ungekuja pamoja na katoni ya chupa mpya zenye vifuniko na lebo, gharama hiyo ikiwa sehemu ya mtaji. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, Kebs, nalo lingefanya vyema kumtazama mtengenezaji mdogo kama mtu wa kufunzwa, kuliko kumfuata kana kwamba ni mwizi wa alama ya ubora.

Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba ya kazi na serikali Septemba 2023 ili watembelee familia nyumba kwa nyumba. Hawa huingia mahali ambapo afisa wa leseni hafiki. Wanaweza kuuliza swali moja zaidi wanapokagua kadi ya chanjo: mafuta na sabuni mnaviweka ndani ya nini? Si lazima swali hilo limalizike kwa karipio.

Lakini kiini kinabaki dukani. Mswada wa fedha wa kaunti hupelekwa kwa wananchi kila mwaka watoe maoni kabla ya kupitishwa, na ada na leseni za biashara huwa ndani yake. Mikutano hiyo aghalabu huhudhuriwa na wenye mabaa, wenye matatu na wenye majengo. Wanaopima mafuta taa na wanaokoroga sabuni huwa kazini, na wanaonunua huwa wamebaki na watoto. Ikiwa madiwani wa Gilgil na maeneo jirani wanataka kusikia habari za chupa ya soda, itawalazimu kuupeleka mkutano mmoja sokoni, siku ya soko, mchana.